Ua la Mahame

Kila asubuhi Paskalina alifagia uwanja hadi ukabaki mweupe. Kisha alimwagilia ua lake, katikati ya uwanja, juani. Ndipo alipowasha moto wa uji.

Yeye, mumewe Silvester na binti yao Benedicta walihamia kijiji hiki kipya karibu na Mafinga mwaka 1974, watu walipotakiwa kukaa pamoja. Mahame yao, yaani makazi waliyoyaacha, yalibaki mbali msituni. Kaburi la mama yake lilibaki huko huko. Juu yake yaliota maua mekundu, ya mviringo kama mpira, yatokayo kwenye vitunguu vya porini. Paskalina alichimba vitunguu vitatu akaja navyo. Viwili vilioza. Kilibaki kimoja, nacho kiangazi kilipoingia majani yake yalinyauka.

Jirani yake Tekla, mtunza maua wa kanisani, alimkuta amepiga magoti, anafukua kwa vidole.

"Mama Benedicta, unatafuta panya?"

"Natazama kama kingali hai, dada."

"Na juzi?"

"Juzi pia nilitazama."

"Basi mwuaji ni wewe. Umelala, mtu anakufunua blanketi kila siku na kukumwagia maji. Utapona?"

Paskalina alicheka kidogo, kisha machozi yakamtoka. "Hiki kikifa, sina tena kitu cha mama."

Tekla akachuchumaa, akakibonyeza kitunguu. Kilikuwa kigumu.

"Hakijafa. Ua hili hulala kiangazi. Majani hukauka, na ukimwagilia, kitunguu huoza. Tena ni la msituni, halitaki jua kali. Kule kwenu nani alifagia majani chini ya miti?"

"Hakuna."

Wakakihamishia nyuma ya nyumba, chini ya mti pekee uliosazwa eneo la kijiji lilipofyekwa. Walichanganya udongo na majani yaliyooza, wasishindilie. Shingo ya kitunguu waliiacha usawa wa ardhi. Juu wakatandaza majani makavu.

"Usikiguse hadi mvua," Tekla alisema. "Na watoto wasikionje. Kina sumu."

Kutokigusa kulikuwa kazi ngumu kuliko kulima. Vidole vilimwasha. Silvester alimtania kwamba siku hizi ufagio haufiki nyuma ya nyumba. Mvua zikaja, yakatoka majani matupu. Paskalina alimwendea Tekla amenuna.

"Ua liko wapi?"

"Kimehamishwa, kimenuna kama wewe. Kwani wewe ulipohamishwa, ulicheka siku hiyo hiyo?"

Paskalina alirudi nyumbani akangoja tena. Majani yakanyauka, kiangazi kikapita, naye hakufukua wala hakumwagilia.

Mvua za kwanza ziliponyesha, shina nene lilitoboa majani makavu. Baada ya siku chache likabeba ua jekundu, la mviringo, kubwa kuliko ngumi mbili. Paskalina aliketi chini mbele yake. Silvester akamfuata huko.

"Sasa utaacha kuyalilia mahame?"

"Sitaacha," alisema. Hakunyosha mkono kuligusa. "Lakini kaa hapa. Tuko kwa mama."