Taa Iliyotulia

Kitu cha kwanza msichana alichokiona kwa kijana yule ni kamba za viatu. Kibanda cha kutengeneza simu kilifurika watu, na yeye, kwa haya zake, macho aliyaweka chini. Kamba zile zilifungwa mafundo mawili, ncha zikachomekwa ndani.

"Unavitazama sana viatu vyangu, dada," sauti ikasema juu yake. "Haviuzwi."

Alicheka kabla hajajizuia. Ndipo akaona ovaroli ya bluu iliyopauka mabegani na viganja vyenye sugu. Kijana alikuwa fundi wa minara ya simu. Kule juu, alimweleza, kamba ya kiatu ikinasa umekwisha. Msichana akajibu kwa sauti ndogo kwamba yeye hufagia kwenye hifadhi ya ndege, bwawani. Kumbe mnara mpya wa jirani na bwawa ulikuwa mikononi mwa fundi huyo huyo.

Mapenzi yakakua kwa simu. Fundi alimpa jina la Kimya, maana yeye mwenyewe alikuwa na maneno ya kuwatosha wote wawili. Kila alipomwambia anampenda, Kimya alijibu, "Haya." Shangazi yake, aliyeishi naye chumba kimoja, hakuchoka kumtania: mwenzio anamwaga asali, wewe unampa haya?

Baraza la mji lilikuwa limeuruhusu mnara ule kwa masharti: usipite urefu uliopangwa, na taa yake nyekundu iwake na kuzima, kwani ndege wahamao huvutwa na taa iliyotulia. Fundi aliyaona masharti hayo kuwa maneno ya maofisini tu. Jioni moja akapiga simu.

"Chungulia dirishani, mpenzi. Imetulia, siyo? Nimeifanya hivyo kwa ajili yako. Ukiiona, ujue nakuwaza."

Kimya aliitazama mpaka shingo ikamuuma.

Usiku ule mawingu yakashuka, na majira ya ndege kupita yalikuwa yamefika. Asubuhi Kimya aliwakuta ndege wamekufa chini ya nyaya za mnara, wadogo, vifua vya manjano vimelowa umande. Walikuwa wameizunguka taa yake mpaka wakagonga nyaya. Aliwaokota kwa mkono. Ufagio aliuona kama tusi. Simu ikalia mchana kutwa, asipokee.

Alasiri Fundi akasimama getini, jasho likimtoka. "Kama umepata mwingine, niambie. Nitaumia, lakini nitaondoka."

Kimya akatazama mawingu yakirudi. Akisema, huenda akampoteza. Asiposema, kesho ataokota wengine. Akafungua aproni yake, akamwonyesha ndege mmoja.

"Ni taa yangu," akasema.

Fundi alimpokea yule ndege kwa viganja viwili. Akamlaza taratibu kwenye nyasi. Kisha akainama, akakaza kamba za viatu.

Giza lilipoingia, taa ikaanza kuwaka na kuzima. Simu ikalia.

"Nimempigia mkaguzi wa baraza, nimemweleza nilichofanya. Huenda kazi ikaniponyoka." Akahema. "Sasa, mpenzi, utajuaje kama nakuwaza?"

Shangazi akaacha kukunja nguo. Kimya akaibana simu sikioni.

"Leo, nilipoiona ile taa ikianza kuwaka na kuzima, nilikuwa naomba ushuke salama," akasema. "Nakupenda."