Mshumaa Mmoja Mwekundu

Kitu cha kwanza alichokiona Mwavita kilikuwa njiti ya kiberiti. Hakuuona uso wa kijana, wala shati lake la rangi ya maziwa lililopigwa pasi mpaka kwenye mikono. Aliona njiti imelazwa juu ya kioo cha simu, na vidole viwili vinaisogeza polepole, chini kidogo, juu kidogo, kama vidole vya mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Soko lilikuwa limejaa. Wanawake walipita na mabeseni ya ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, kichwani, wachukuzi walipiga mluzi watu wawapishe, pikipiki zililia zikiteremka kuelekea bandarini. Katikati ya vurugu hiyo kilisimama kibanda cha mbao chenye sola juu ya bati, ambamo Mama Djamila alichaji simu za watu. Mwavita alikuwa mtoto wa kaka yake, na ndiye aliyekaa mezani, amejifunga kitenge cha bluu na kitambaa cheupe kichwani, akipokea simu bila maneno mengi. Alikuwa msichana wa kujibu kwa nyusi.

"Dada, hii usiiweke kwanza kwenye chaji," kijana alisema. "Nangojea mushumaa ufunge."

Mwavita akaangalia mezani, akaangalia chini ya meza.

"Mushumaa uko fasi gani?"

Kijana akacheka, si kwa kumdharau, akamgeuzia simu. Kwenye kioo kulikuwa na vijiti vya kijani na vyekundu, vimepangana kama meno mabovu.

"Njo hii. Kila kijiti tunakiita mushumaa. Huu ni siku moja. Bei ikifunga juu kuliko ilivyofungua asubuhi, mushumaa unakuwa kijani. Ikifunga chini, mwekundu."

"Na hii unywele inatokea huku?"

"Utambi. Unaonyesha fasi bei ilifika, halafu ikarudi."

"Bei ya ndagala?"

"Hapana! Bei ya hisa. Hisa ni kipande cha kampuni. Ukikinunua, ile kampuni inakuwa yako kidogo."

"Kidogo namna gani?"

Kijana akafikiri. "Kidogo kama mukia wa ndagala."

Mwavita alicheka akauficha mdomo kwa ncha ya kitambaa. Hapo ndipo alipouona uso wake.

Jina lake Chabani. Alifanya kazi ya kuandika mizigo kwa wakala mmoja bandarini, na mchana, wakati boti hazijafika, alijifunza soko la hisa kwenye simu. Alinunua na kuuza kwa akaunti ya mazoezi, ambayo pesa zake ni za mchezo tu. Ile njiti aliilaza chini ya mishumaa ili aone bei inagota wapi na kurudi. Mshumaa mmoja, alisema, hauonyeshi njia ya bei; mtu aangalie mingi.

Kesho yake akarudi. Na kesho yake tena. Fanny, aliyekaanga mikate mbele ya kibanda, akaanza maneno.

"Mwavita, ile simu iko na ugonjwa gani? Kila siku inaletwa hospitali, na kila siku imejaa chaji!"

"Anakuja kunifundisha."

"Ehe! Na wewe umefundishwa nini?"

Hapo Mwavita alikwama, maana ukweli ni kwamba yale mambo yalimchanganya. Chabani alimwambia bei ina sakafu na dari. Sakafu ni fasi ambapo wanunuzi wanakuwa wengi, bei haishuki tena kirahisi. Dari ni fasi ambapo wauzaji wanakuwa wengi, bei haipandi tena. Hilo alilielewa. Lakini Chabani akaongeza kwamba dari ikivunjwa, inaweza kugeuka kuwa sakafu, na Mwavita alikesha akijiuliza watu wa nyumba hiyo wanalala wapi.

Siku nyingine alimletea wanyama.

"Soko ikiwa inapanda, tunasema ni ya ng'ombe dume, kwa sababu anapiga na pembe kwenda juu. Ikishuka ni ya dubu, anapiga na mukono kwenda chini."

"Dubu njo nyama gani?"

"Nyama ya Ulaya. Munene, ana manyoya mwili wote."

"Umemuona?"

"Mimi? Nimuone wapi?"

"Sasa kwa nini hawakuweka kiboko? Kiboko si anazama?"

Chabani alicheka mpaka akalazimika kushika nguzo ya kibanda. "Mwavita wangu, nitawaandikia. Nitawaambia kuna binti huku Kalemie, dubu hamutaki."

Alisema "wangu" bila kukusudia, kisha wote wawili wakatazama pembeni, yeye upande wa barabara, msichana upande wa nyaya za chaji.

Jioni alianza kumpigia simu.

"Umekula, malkia?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Bukari na samaki."

"Ukanibakizia?"

"Kichwa."

"Asante kwa kichwa. Mwavita, miye ninakupenda. Na weye je?"

Kimya. Kisha sauti ndogo: "Betri inaisha."

"Weye fundi wa kuchaji simu, betri yako inaishaka namna gani kila nikiuliza neno hili?"

Lakini simu ilikuwa imekatwa tayari, na Mwavita amejifunika shuka uso mzima. Neno lenyewe alikuwa nalo. Lilifika mpaka kwenye meno, likageuka, likarudi.

Somo lililomtia hofu lilikuja baadaye kidogo, mchana wa upepo, ziwa likitupa harufu yake mpaka ndani ya kibanda.

"Mbele ya kununua," Chabani alisema, "unaamua kabisa: bei ikivunja sakafu, natoka. Unauza, unakubali kupoteza kidogo ili usipoteze yote. Njo kukata hasara. Haulii na bei, haubishani nayo."

"Na kama kesho inapanda tena?"

"Basi. Wewe ulikuwa umetoka."

Hakulipenda somo hilo. Hakujua kwa nini.

Chabani aliamua kwenda kumposa. Baba yake alikuwa wa ukoo wa Waislamu wa Kalemie, akafariki mtoto akiwa mdogo. Chabani alibaki na dini ya baba yake, lakini alilelewa Nyunzu na wajomba zake, wakulima Wakristo. Kwa hiyo aliyepanda treni kuja kumsemea alikuwa mjomba wake mkubwa, Papa Adalbert, mzee mrefu mwenye koti la kijivu ambalo hakulivua hata kwenye joto.

Siku hiyo Mwavita alivalishwa kitenge kipya chenye maua ya dhahabu, akapakwa hina vidoleni, akaketishwa chumbani nyuma ya pazia pamoja na Mama Djamila. Sebuleni walikaa wazee. Chabani hakuingia. Kwa wajomba zake, mposaji anangojea kwa jirani mpaka aitwe.

Mazungumzo yalikwenda vizuri. Papa Shehe, baba yake Mwavita, hata alicheka mara moja. Kisha akageuza kichwa upande wa pazia.

"Mwavita, mwanangu. Wageni hawa wamekuja kwa sababu yako, wanakuombea Chabani. Tuwajibu nini?"

Mwavita akainamisha kichwa. Machozi ya furaha yakamdondokea kwenye maua ya dhahabu. Akanyamaza, kama mama yake alivyonyamaza, kama bibi yake alivyonyamaza. Mama Djamila akamshika bega, akavuta pumzi apige vigelegele.

Kabla hajapiga, kiti kililia sebuleni.

"Tumesikia," alisema Papa Adalbert. Alikuwa amesimama. "Papa Shehe, asante kwa kutupokea. Hatuna hasira."

Akavaa kofia yake, akatoka. Watu wake wakamfuata.

Papa Shehe alibaki na mkono hewani. "Nimemukosea nini huyu mzee?"

Hakuna aliyejua. Mama Djamila alisema pengine chai ilikuwa na sukari kidogo. Mmoja alidhani wamechukizwa na dini, mwingine akasema watu wa bara wana haraka. Papa Shehe akasema, kwa uchungu wa mtu aliyeachwa nyumbani kwake mwenyewe, kwamba hataenda kumwuliza mtu aliyempa mgongo.

Jioni Mwavita alingojea simu. Haikulia. Kesho yake Chabani hakupita kibandani. Fanny alimwona akichaji kwa jirani, ng'ambo ya barabara.

"Labda amekata hasara," Fanny alisema, akigeuza mikate kwenye mafuta. Alisema kwa mzaha. Mwavita hakucheka. Alijaribu kutafuta alipokosea, akarudi nyuma siku kwa siku kama Chabani alivyorudisha picha ya bei kwa kidole. Kila siku ilikuwa ya kijani. Hata ile siku ya wageni ilikuwa ya kijani mpaka kiti kilipolia. Sasa sakafu ilivunjika lini?

Mwishowe alimbipu. Chabani akapiga.

"Mwavita, usijisumbue," alisema kwa sauti ya mtu mwenye mafua. "Nimeheshimu."

"Umeheshimu nini?"

"Jibu."

"Jibu la nani?"

"Usinichezee, tafadhali. Mimi pia ni muntu."

Akakata. Mwavita aliishika simu ile kama kitu kilichoanguka kutoka juu. Jibu gani? Kama wajomba walikataa, mbona analia yeye? Na kama ni yeye aliyemwacha, mbona anasema "mimi pia ni muntu"?

Aliosha uso, akamwachia Fanny kibanda, akateremka bandarini. Njia nzima miguu ilimwambia rudi. Chabani alikuwa mbele ya ghala, kati ya magunia ya sementi, shati halijapigwa pasi. Wachukuzi walipomwona msichana wakanyamaza ili wasikie vizuri.

"Ulisema mushumaa mumoja hauonyeshi njia ya bei," Mwavita alianza. "Ulisema muntu aangalie mishumaa mingi. Si ulisema?"

"Nilisema."

"Sasa kwa nini uliona mumoja tu, ukauza?"

"Mimi njo niliuza?" Chabani akatupa kalamu. "Mujomba alitoka Nyunzu kwa treni! Akakaa kwa baba yako! Ukaulizwa mbele ya watu wote kama unanitaka, ukanyamaza!"

"Ndiyo, nilinyamaza!"

"Sasa unaona!"

"Ninaona nini? Ulitaka nipige kelele? Kwetu binti akiulizwa, akinyamaza, njo amekubali. Asiyetaka njo anasema!"

Chabani akaiokota kalamu yake taratibu. Mchukuzi mmoja akasema, "Aïe."

"Kwa wajomba," alisema Chabani polepole, "binti anayetaka anasimama anasema. Akinyamaza, amekataa kwa adabu, na mugeni mwenye akili anachukua kofia."

Walitazamana. Kisha Chabani akaketi juu ya gunia la sementi, suruali nyeusi na yote, akacheka huku akijifuta macho. Mwavita naye akacheka, kisha akalia, kisha hakujua tena anafanya nini.

"Nitaenda kumueleza mujomba," Chabani alisema. "Treni bado haijaondoka."

Alikwenda, akarudi na nusu ya habari njema. Papa Adalbert alikubali kurudi kwa Papa Shehe, lakini aliongeza: desturi za watu anaziheshimu, ila yeye hamwozeshi mtoto wa dada yake kwa sababu ya kimya. Kimya chaweza kuwa cha woga. Anataka kumsikia binti kwa masikio yake. Akishindwa kusema, yeye anapanda treni, na safari hii harudi.

Papa Shehe alipoambiwa aliwaka. "Mutoto yangu apige kelele kwa ajili ya mwanaume, kama anayeuza ndagala?"

"Kaka," alisema Mama Djamila, "yule mzee anataka kuwa na hakika kwamba hatumulazimishi mutoto. Hilo ni tusi?"

"Akiweza kusema, aseme," Papa Shehe alijibu mwishowe. "Mimi sitamusukuma."

Kwa hiyo wakakaa tena, viti vilevile. Safari hii Papa Adalbert aliomba Chabani awepo, naye aliketi karibu na mlango, magoti yamebanana kama ya mwanafunzi. Nyuma ya pazia Mwavita alikuwa ameketi tena na Mama Djamila. Alijaribu neno "ndiyo" kwa midomo tu. Lilitoka hewa tu.

Papa Adalbert akakohoa.

"Binti yangu, mimi ni mukulima, sijui maneno mengi. Unamutaka huyu mutoto wetu?"

Kimya.

Mama Djamila alimgusa bega. Kimya kikarefuka. Sebuleni kiti kikalia kidogo, kile cha Papa Adalbert, na Mwavita akasikia Chabani akishusha pumzi kama mtu anayeweka mzigo chini.

Akasimama. Akasogeza pazia kwa mkono wake wenyewe, jambo ambalo hakuna binti wa nyumba hiyo aliyewahi kulifanya, akasimama mbele ya wazee, hina vidoleni, macho chini.

"Papa Adalbert," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilifika. "Yeye alinifundisha mambo mengi ya bei. Sakafu, dari, yule nyama wa Ulaya. Nusu yake sijaielewa mpaka leo, na alifikiri mimi ni mugumu wa kuelewa." Akatikisa kichwa. "Si mugumu. Akinionyesha simu, sikuwa naangalia simu. Nilikuwa namwangalia yeye."

Kisha akainua macho, akayapitisha juu ya wazee wote mpaka mlangoni.

"Chabani, ninakupenda."