Salamu Tatu na Kengele Yenye Jicho

Mjini Taiping mvua haiombwi. Ikifika saa tisa alasiri inashuka yenyewe, na bati la jikoni kwa Saodah linapiga kelele utadhani karanga zinakaangwa. Saa hizo Saodah yuko huko nyuma na bajia zake za kamba. Feni ya moshi inavuma, mafuta yanachemka, redio inajisemea peke yake. Ukimwita kutoka getini, sahau.

Jumatatu moja asubuhi jirani yake Kamalam alimwita kwenye ukuta unaotenganisha nyua zao.

"Dada Saodah, jana mlikuwa wapi? Dada yako Rabeah alikuja."

Saodah akashika ukuta. "Rabeah? Dada yangu mimi?"

"Huyo huyo. Alisimama getini na mwavuli, akatoa salamu mara tatu. Nikatoka nimwambie asubiri, gari likawa limeshaondoka."

"Mama wee! Nilikuwa jikoni!"

Roho ilimuuma Saodah, na lazima iume. Yeye na Rabeah walikuwa hawajatembeleana miaka miwili, tangu wagombane juu ya kuuza nyumba ya marehemu mama yao. Sasa mkubwa kajishusha, kaja mwenyewe kutoka Kuala Kangsar, na mdogo kamnyamazia. Desturi yao inajulikana. Mgeni husimama nje ya geti, hutoa salamu mara tatu, asipoitikiwa huenda zake. Hasukumi geti, hachungulii ndani.

Saodah alimpigia dada yake simu mara tano. Haikupokelewa. Jioni ukaja ujumbe mfupi: "Jumamosi nina karamu hapo jirani na kwenu, Kamunting. Nitapita kwako. Nikitoa salamu tatu ukanyamaza tena, nitajua kwako si kwangu."

"Hata saa hasemi!" Saodah akamlalamikia mumewe, Mahadzir. "Nikae getini kutwa na mwavuli?"

"Tunaweza kukufunga pale kama mbuzi," Mahadzir akasema.

Saodah akamtupia kitambaa cha meza. "Cheka tu. Si dada yako."

Kamalam, kabla ya kustaafu, alikuwa fundi wa simu kwa miaka ishirini na tisa. Enzi zake alipanda nguzo, wanaume wakamshikia ngazi. Aliposikia habari ya ujumbe ule, hakupoteza muda.

"Nunua kengele ya mlango yenye kamera," alisema. "Haina waya. Mgeni akifika simu yako inalia. Unamwona, unaongea naye, hata ukiwa jikoni."

"Namwona? Na yeye ananiona?"

"Hakuoni. Anakusikia tu."

"Hata nikiwa sina ushungi?"

"Hata ukiwa na unga puani."

Hapo Saodah akamwaga maswali. Inakula umeme gani? Picha zinakaa wapi? Waifai ikikatika je? Kamalam akacheka. "Twende dukani. Maswali yako yana kazi huko."

Muuzaji aliwaonyesha kengele inayong'aa, yenye nyimbo arobaini.

"Nyimbo hatuli," Kamalam akamkata. "Inavumilia mvua?"

Kamalam akageuza boksi. "Tazama hapa, dada. Tafuta herufi IP na namba yake. Hii haina hata namba. Ni ya ndani, ya kupamba. Kwa mvua ya Taiping, tafuta sitini na tano au zaidi."

Wakachukua nyingine, ya kijivu, haina mbwembwe. Ilikuwa na sitini na tano. Betri yake inatoka, unaichaji ndani kama simu. Picha zinakaa kwenye kadi, hulipii kila mwezi. Tena ilikuja na kengele ndogo ya kuchomeka ukutani ndani ya nyumba.

"Hiyo ndogo ya nini, kama simu inalia?" Saodah akauliza.

"Simu unaisahau chumbani. Hii utaichomeka karibu na friji."

Jumatano Mahadzir aliifunga kengele pembeni ya mlango wa nyumba, kama picha ya kwenye kijitabu inavyoonyesha. Kamalam akawawekea programu yake kwenye simu, kisha akamwambia Saodah abadilishe neno la siri.

"Nitaweka mwaka niliozaliwa."

"Mwizi anaanzia hapo hapo! Weka refu, ambalo hata mumeo hawezi kulikisia."

Basi ikawa sinema. Saodah alichungulia mlango wake akiwa jikoni, akiwa kitandani, akiwa hata chooni. Aliona paka watatu. Alimwona Mahadzir akijikuna akidhani yuko peke yake.

"Bang, mume wangu, acha kujikuna!" akamwambia kwa simu, sauti ikatokea kwenye kengele. Mahadzir nusura aangushe kikombe.

Lakini Alhamisi jioni Kalsom, mama anayeuza tempe, ile mikate ya soya iliyochachushwa, alipiga simu. "Nimepita kwako leo, kimya. Nimemuuzia mwingine."

"Haiwezekani! Kengele haikulia!"

Saodah akafungua picha za mchana. Kamera ilikuwa imeamshwa na paka mlangoni. Lakini kule nyuma, mbali, nje ya geti, kalikuwako kamtu kadogo na kikapu. Midomo ikacheza, ikatulia. Ikacheza tena, ikatulia. Mara ya tatu. Kisha Kalsom akageuka na kuondoka.

Saodah akairudia picha ile mara nne. Halafu akacheka, kisha akaogopa. Akaenda ukutani mbio.

"Kamalam! Nani atabonyeza kitufe? Kiko hatua kumi ndani ya geti! Nani kwetu anaingia kabla ya kuitikiwa?"

Kamalam akajipiga paji la uso. "Ala! Wageni wangu wanafungua geti wenyewe, wanavua viatu mlangoni. Sikulifikiria hilo. Na kile kijitabu hakijui desturi yenu."

"Kesho asubuhi tunaihamishia kwenye nguzo ya geti."

"Sawa, ila kabla ya kutoboa tunapima."

Ijumaa asubuhi Saodah alisimama kwenye nguzo na simu yake, akatumia waifai ya nyumbani kutazama video ya mapishi. Mpishi akaganda na mwiko hewani.

"Umeona?" Kamalam akasema. "Ukuta na vyuma vinadhoofisha mawimbi. Kengele ingegandia hapa hapa."

Wakakitoa kile kisanduku cha waifai nyuma ya kabati la televisheni, wakakiweka karibu na dirisha la mbele. Wakajaribu tena. Mpishi akaendelea kukoroga.

Mahadzir akatoboa nguzo usawa wa kifua cha mtu mzima, ili sura ionekane na si kofia tu. Akafunga kwa skrubu zinazotaka ufunguo wake maalumu, mtu asiing'oe. Juu akaweka kipande cha bati cha kukinga mvua.

Saodah akasimama na mikono kiunoni. "Na mgeni asipobonyeza? Sisi tunatoa salamu, hatubonyezi."

"Hilo ndilo swali!" Kamalam akafurahi. Akamwonyesha kwenye simu jinsi ya kuiagiza kengele ilie yenyewe mtu akisimama mbele yake. Kwa kidole Saodah akachora eneo dogo tu la mbele ya geti, ili magari ya barabarani yasiilize.

Kumbe jicho la kamera lilikuwa linatazama sebuleni kwa Mzee Foo, jirani wa ng'ambo. Kamalam akaweka kabari nyuma yake kwa juu, jicho likainama. Saodah akavuka barabara na kumwonyesha mzee picha. Mzee Foo akaona geti na mtaro tu, akaridhika.

Jumamosi mvua ikashuka kama kawaida. Saodah alikuwa jikoni, mikono ina unga. Saa tisa na nusu kengele ya karibu na friji ikalia.

Akafuta kidole, akagusa simu. Rabeah! Alikuwa chini ya mwavuli, usoni amekonda. Mkono ukagusa geti, ukarudi. Midomo ikacheza kidogo. Saodah hakusikia salamu, lakini hakungoja.

"Waalaikumsalam, dada! Waalaikumsalam! Nipo! Usiondoke!"

Rabeah akaruka nyuma na kuikodolea macho nguzo. "Astaghfirullah! Sijasalimia bado!"

"Nimeshaitikia!"

Saodah akazima jiko, akatoka mbio peku kwenye mvua. Pale getini walikumbatiana, Rabeah akilia na kumpiga mgongoni kwa kiganja, mwavuli ukiwa umeanguka mtaroni.

Baadaye, nguo zikiwa zimebadilishwa na sahani ya bajia katikati yao, Rabeah akataka kuiona picha yake. Saodah akaifungua. Mvua ilikuwa imemeza sauti yote.

"Hapa midomo inacheza," Saodah akasema. "Ulikuwa unasema nini?"

Rabeah akajitazama kwenye simu. Kisha akairudisha mezani.

"Nilikuwa najiambia, salamu tatu zikipita bila jibu," alisema, "nitatoa ya nne."