Mtaa Uliochorwa kwa Chaki

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nusaiba alifagia vumbi la mbao mlangoni kwao. Nyumba yao ya Mbagala ilipakana na karakana ya baba yake, fundi Nassibu, mtengeneza vitanda na makabati. Upande wa pili kulikuwa na mashine ya kusaga ya mzee Audax. Watu walilala, wakapika na kufanya biashara hapo hapo, bega kwa bega.

Siku moja mwenyekiti wa mtaa, Mama Demetria, aliitisha mkutano wa kupanga pa kuishi, pa kufanyia kazi na pa kupita. Nusaiba, bingwa wa kuchora darasa la sita, alipewa chaki auchore mtaa mzima kwenye uwanja wa saruji wa shule. Alipima kila uchochoro kwa hatua zake. Alipofikia kuichora karakana, akasita. Mbao za baba zilikuwa zimekula nusu ya njia. Je, baba akifukuzwa, watakula nini? Akachora njia pana, kama ilivyokuwa zamani.

Watu walipofika, walivua viatu wasifute chaki. Kila mmoja akatafuta nyumba yake na kusimama juu yake. Nusaiba alipigwa na butwaa, mwili ukamsisimka. Kumbe walikuwa wengi hivi, tena wamegusana hivi!

"Yarabi!" alinong'ona. "Sie wote tunaenea hapa?"

Bibi Chausiku alikuja amebebwa mgongoni na mjukuu wake. Mwaka mzima kiti chake cha magurudumu kilikuwa hakipiti kwenye uchochoro wa karakana. Alipoiona njia ya chaki, uso ukamchanua.

"Alhamdulillahi! Kumbe wameshanifungulia njia! Kesho natoka mwenyewe."

Maneno yale yalimchoma Nusaiba. Angenyamaza, bibi angeamka kesho na kuzikuta mbao palepale. Akapiga magoti, akafuta mstari kwa kiganja, akachora njia nyembamba, kama ilivyo sasa.

"Nisamehe, bibi. Nimedanganya. Baba, naomba unisamehe."

Fundi Nassibu alisogea peku mpaka kwenye njia ile ya chaki, akaweka unyayo mmoja, wa pili haukuenea.

"Mie napitaga hapa kila siku," alisema taratibu, "na sijaona."

"Nyuma ya mashine yangu pana nafasi," alisema mzee Audax. "Leta mbao zako, fundi."

"Basi karakana ibaki," Mama Demetria aliamua, watu wakaafiki. "Ila misumeno na mashine zizimwe saa kumi na mbili jioni, watoto wasome."

Jumatatu mbao zilihamishwa. Fundi Nassibu mwenyewe alisukuma kile kiti mpaka barabara kuu. Bibi Chausiku akatazama magari, akafuta machozi.

"Kumbe barabara iko karibu hivi!"

Fundi akamgeukia binti yake. "Mwanangu, mtaa ni wetu sote, wa kulala, wa kuchuma na wa kupita. Ukificha ukweli ili kumlinda mmoja, jua kuna mwingine umemfungia ndani."