Posa ya Willy Zabibu

Pale soko la Sabasaba belo la mitumba likifunguliwa, heshima hufungwa. Mama aliyekupa mkono wa amani kanisani anakupiga kiwiko cha mbavu kwa sababu ya blauzi.

Jumamosi hiyo, katikati ya vumbi na kelele za "chagua, beba, kesho hakuna!", mikono miwili ilidaka koti moja. Lilikuwa koti la dhahabu, linalong'aa mpaka mwenye kuliangalia anakunja uso. Upande wa kulia alikuwapo Sidonia, gauni la kitenge cha bluu, futi ya kupimia imening'inia shingoni kama mkufu. Upande wa kushoto alikuwapo kijana mrefu, mwembamba, miwani ya jua ameipandisha utosini.

"Dada, achia. Hili koti limeniita."

"Limekuita kwa jina gani?"

"Willy Zabibu." Akamwachia nafasi ya kupiga kelele. Sidonia hakupiga.

"Ndilo jina ulilobatiziwa?"

"Nilibatizwa Wilbert. Kwani hujui mimi ni nani?"

"Najua. Ni mtu aliyeshika mkono wa kushoto wa koti langu."

Kijana alicheka. Alicheka kweli, kichwa nyuma, mwanya nje, bila kuangalia nani anamwona. Likumbukeni cheko hilo, maana halikuishi sana.

"Haya, lilipie wewe," Sidonia alisema, akimpima kwa macho. "Lakini mikono itakumeza. Mimi ni fundi cherehani, niko Makole. Lete nikupunguzie vidole vinne kila upande."

Alilileta Jumatatu. Jumanne akarudi kusema linabana, na halikuwa linabana. Jumatano akaja bila koti kabisa.

Mapenzi yao yalikuwa ya simu na vicheko.

"Umekula, fundi wangu?"

"Nimekula ugali wa uwele na mlenda."

"Mlenda umeteleza bila mimi?"

"Umeteleza vizuri kuliko maneno yako."

Wilbert alikuwa anaimba kwenye kumbi ndogo, mara nyingine watu wakiwa wachache kuliko viti. Sidonia alikaa mbele, akapiga makofi kwa niaba ya viti. Kila vazi alilopandia jukwaani lilitoka chini ya sindano yake. Ndipo Wilbert akamtungia wimbo, akauita "Fundi Wangu." Walisikiliza pamoja, kila mmoja na kisikio kimoja.

"Mzuri," Sidonia alisema. "Ila umejitaja mara kumi na moja. Nimehesabu. Mimi niko wapi?"

"Wewe uko kwenye hisia, mpenzi."

Sidonia akacheka. Hilo ndilo kosa lake, na tumsamehe. Nani hajawahi kucheka mahali pa kuuliza tena?

Wimbo ukashika. Ulipigwa Area D, ukapigwa stendi, ukapigwa harusini kwa watu wasiomjua fundi wala zabibu. Wilbert akaanza kujizungumzia kama ndugu aliyesafiri. "Willy hali mlenda siku hizi." "Willy hawezi kuja Makole, mashabiki watamsonga." Siku ya kuzaliwa ya Sidonia alimletea zawadi kubwa, imefungwa kwa utepe. Ilikuwa picha, ndani ya fremu. Picha ya Willy. Sidonia akaitundika dukani, na wateja wakawa wanauliza huyu anagombea udiwani kata gani.

Usiku alimtetea mbele ya mto wake. Umaarufu ni homa, alijiambia, itashuka. Alichotaka hakikuwa kikubwa: siku moja tu Wilbert amwangalie yeye kama siku ile ya koti. Kwa hiyo Wilbert aliposema, "Sido, natuma posa kwenu," alilia mpaka akajichoma na pini.

Kwao ni Haneti, na baba yake, Mzee Matonya, ni mkulima wa alizeti asiyependa maneno mengi. Desturi ya pale ni nyepesi. Mshenga ndiye msemaji. Kijana akija, anakaa pembeni, anaangalia miguu yake, hafungui mdomo. Mwishoni binti anaitwa, anaulizwa swali moja mbele ya wazee: wageni hawa unawafahamu? Akisema nawafahamu, amekubali.

"Kimya tu, Wilbert," Sidonia alimsihi kwenye simu. "Saa moja tu ya maisha yako."

"Willy kukaa kimya? Haya. Kwa ajili yako."

Alifika na koti la dhahabu, saa saba mchana, kwenye jua la Haneti. Nyuma yake alikuwapo Mustapha, mpiga picha wake, na kamera yenye miguu mitatu. Mbuzi walikimbia. Mshenga, Mzee Anthony, alikuwa amemwomba aiache kamera garini. Aliomba tangu Dodoma mjini.

"Mbukwenyi!" Mzee Anthony alisalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa," wazee wakaitikia, macho kwenye kamera.

Hata hivyo mambo yalikwenda. Mzee Anthony alisema maneno yake, taratibu na kwa adabu, na Wilbert aliangalia viatu vyake, ingawa viatu vyenyewe vilikuwa vinang'aa kama kioo. Kisha Sidonia akaitwa. Alitoka na khanga mpya, shangazi yake Dorkasi akimshika mkono.

"Binti yangu," Mzee Matonya aliuliza, "wageni hawa unawafahamu?"

"Nawafahamu, baba." Sauti ilikatika katikati, machozi yakamtoka, shangazi Dorkasi akapasua vigelegele.

Na mambo yangeishia hapo, mimi nikawa nawasimulia harusi. Lakini Wilbert alisimama.

"Samahani wazee wangu. Tunaweza kurudia? Jua limeingia kwenye kamera."

Vigelegele vikafa mdomoni.

"Aitikie tena tu, dakika moja. Sido, ukijibu uniangalie mimi, upande huu wa kushoto. Shangazi, wewe subiri nivue miwani ndipo upige."

"Bosi, acha," Mustapha alinong'ona. "Ile ya kwanza inatosha."

"Mashabiki wanataka kitu safi!"

Mzee Matonya alimtazama kama mtu anayetazama wingu lisilo na mvua. "Kijana, swali hili kwetu haliulizwi mara mbili."

Sidonia alimgeukia Wilbert. Alitafuta macho yake. Wilbert alikuwa ameinua simu, anajiangalia kwenye kioo chake, anarekebisha kola ya shati. Ile kola aliyoishona yeye.

"Uliza, baba," Sidonia alisema.

"Mwanangu..."

"Uliza tu. Wametaka turudie."

Mzee akarudia. "Wageni hawa, unawafahamu?"

"Mzee Anthony namfahamu, namheshimu. Mustapha namfahamu." Akalinyooshea koti kidole. "Koti lile nalifahamu, nililipunguza mikono mwenyewe. Aliyelivaa, baba, simfahamu."

"Kata!" Wilbert alipiga kelele. "Mustapha, kata hiyo!"

Mustapha hakukata. Aliikunja kamera miguu yake mitatu, mmoja mmoja, akaenda kusimama karibu na gari.

Zilipita wiki tatu. Sidonia alirudi Makole, akateremsha fremu, ukutani pakabaki mraba msafi kuliko ukuta wote. Alasiri moja, akiwa anashona gauni la mteja wake, mama Angelina, aliyekaa pale akilisubiri, simu ikaita. Mlio ulikuwa ule ule aliomwekea Wilbert. Hakuwa ameubadilisha.

"Sido mama." Sauti ilikuwa ndogo, kama ya zamani.

"Abee."

"Nilikukosea nini? Niambie kweli. Silali."

Alikuwa amelisubiri swali hilo siku ishirini na moja. Moyo ukamlegea. Akaacha kukanyaga cherehani.

"Wilbert, unakumbuka Sabasaba? Ulicheka siku ile. Ulikuwa unaniona. Mimi sitaki nyimbo wala picha, nataka yule aliye..."

"Sogeza simu mdomoni, mpenzi, hawakusikii vizuri."

"Akina nani hawanisikii?"

Kwa mbali, mtu akakohoa.

"Niko laivu, Sido. Watu elfu sita! Wote wanataka turudiane. Hebu wasalimie."

Sidonia alifumba macho.

"Wasalimie wewe. Waambie nimeshajibu mara mbili. Jibu la tatu sina."

Akakata. Akauchukua uzi, akautia kwenye sindano mara ya kwanza, ukakosa. Mara ya pili, ukakosa. Mama Angelina akajifanya anaangalia barabara.

Barabarani bajaji ikapita, spika wazi: *Willy Zabibu, fundi wangu, Willy...* Sidonia aliinamisha kichwa juu ya gauni. Midomo yake ilikuwa inacheza, taratibu. Moja. Mbili. Tatu.

"Unahesabu nini, mwanangu?" mama Angelina aliuliza.

"Vifungo, mama," alijibu.

Gauni lile lilikuwa la zipu.