Vidonge Ndani ya Kombe

Kila asubuhi Mwatima akishafagia uwanja, bibi yake, Bi Siti, humpa kidonge cha kwinini alichopewa hospitali ya Wete kwa homa yake. Na kila asubuhi Mwatima hujifanya amemeza. Kichungu hicho, ya Rabi! Hukificha shavuni, kisha hukidumbukiza ndani ya chupa ya kombe iliyo dirishani. Kombe ni aya zilizoandikwa sahanini kwa zafarani na kuoshwa kwa maji, naye Bi Siti humnywesha mgonjwa apoe. Rangi ya zafarani ilificha vidonge vyote.

Siku moja, skuli, Mwalimu Hashil aliuliza maana ya neno hakika na asili yake.

"Ni kweli, Mwalimu," alijibu Mwatima.

"Umekaribia. Na asili yake?"

Hilo Mwatima aliambiwa akaulize nyumbani.

Aliporudi alimkuta mdogo wake Hamad, mtoto wa miaka mitatu, amelegea mkekani.

"Asubuhi alikuwa na kijihoma, nikampa kombe," alisema Bi Siti. "Tangu hapo anatapika tu. Watu wana macho mabaya!"

Jirani mmoja alisema ni jicho, mwengine akasema ni shetani. Bi Siti akaitikisa chupa, akammiminia tena.

"Chungu!" alilia Hamad.

"Dawa haiwi tamu, mjukuu wangu. Kunywa."

Hamad alikunywa, akatapika yote. Mwatima alisimama mlangoni. Alijua ni vidonge vyake. Akisema, atachapwa. Alimwomba Mungu mtu mwengine agundue, na hakuna aliyegundua. Hamad akawa hata kulia hawezi. Baba yao, Silima, aliporudi kutoka shamba alimwita mwanawe kwa jina, asiitikiwe.

Bi Siti akaishika chupa mara ya tatu.

"Bibi, usimpe!" Mwatima aliruka, akaipiga chupa ikaanguka. "Nimetia vidonge vyangu vya kwinini humo! Vyote!"

Hakuna aliyemgombeza. Silima alimbeba Hamad, akapanda baskeli, akaenda mbio Wete.

"Amekunywa nini?" aliuliza daktari. Silima akamweleza.

"Alhamdulillahi umejua. Ungeniambia ni jicho, ningepapasa gizani mpaka mtoto atutoke."

Jioni ile Mwatima alikaa barazani mwa hospitali na bibi yake. Hakuwa na la kufanya ila kulia.

Asubuhi Hamad alifungua macho, akataka uji. Mwalimu Hashil alikuja kumtazama mgonjwa, akaelezwa yote.

"Jawabu langu liko wapi, Mwatima?"

"Sikumuuliza mtu, Mwalimu."

"Basi sikiliza. Hakika ni neno la Kiarabu, nalo ni ndugu wa haki. Jana watu walisema mengi: jicho, shetani. Wewe ulikuwa na jambo moja tu lililothibiti. Hilo ndilo hakika, na lilikuwa haki ya Hamad, si yako. Haki ya mtu haifungiwi kinywani, hata kama ukiitoa utachapwa."

Mwatima aliinamisha kichwa. Bi Siti akafungua fundo la kanga yake, akatoa kidonge cha kwinini na kumpa kikombe cha maji.

"Meza," alisema. "Kisha fungua kinywa nione."

Mwatima akameza, uchungu ukampanda mpaka machoni. Akafungua kinywa, akamwonesha.