Ndururu Kumi na Tisa za Mzee Egesa

Maji aliyooshea sarafu za babake yalikataa kuingia ardhini. Selpha aliyamwaga nyuma ya jikoni, pale anapomwaga maji ya kila siku, na udongo wa Burumba kwa kawaida hunywa kama mlevi aliyelipiwa. Siku hiyo maji yalikaa juu, meusi, yametulia. Kuku waliokuja kutafuta makombo walifika ukingoni wakarudi nyuma bila kelele. Selpha akayatazama kidogo, akasonya, akaingia ndani. Alikuwa na mgeni kesho yake na hakuwa mtu wa kubembelezana na maji.

Sarafu zenyewe zilikuwa ndururu kumi na tisa, zile za mkoloni zenye tundu katikati. Mzee Egesa alibadilisha pesa mpakani Busia miaka thelathini na mbili, shilingi za huku kwa za Uganda, na watu walidhani akifa ataacha nyumba za kupangisha. Aliacha ubao. Ubao wa mvule wenye misumari kumi na tisa, kila msumari na ndururu yake, na chini ya kila ndururu maandishi ya penseli yaliyofunikwa na masizi. Siku tatu kabla ya kukata roho alimshika Selpha mkono.

"Huo ubao muniwekee kwa jeneza," alisema. "Vile ulivyo. Msitoe kitu."

Lakini Quinton, kitinda mimba wake, naye mbadilishaji pesa, alikuwa ameshapata mnunuzi, Mathews mmoja wa Nairobi anayekusanya pesa za zamani. Huyo aliona picha kwenye simu akataja elfu tisini. Mzee akazikwa Mundika bila ubao. Siku wafiwa waliponyolewa kumaliza matanga, watu wamekaa, nywele ziko chini, mali inagawanywa, ami yao Wandera akauliza ubao uende wapi. Maneno yakazuka. Wengine walisema neno la marehemu halirukwi. Quinton akasema neno la marehemu halilipi karo. Mwishowe Wandera akainua mkono.

"Mwachieni Selpha. Huyu akikopa kitunguu kwa jirani anarudisha kikubwa kuliko kile alichukua."

Selpha akaamua papo hapo, kwa sauti ya mtu anayependa kusikika. "Tunauza, tunagawa sawasawa. Hakuna wa juu, hakuna wa chini. Mwenye kunung'unika anung'unike hapa nikimwona."

Watu wakacheka, ikapita.

Sasa, Selpha hauzi kitu kichafu. Hata ndizi anazipangusa kabla ya kuzipeleka sokoni. Na zile ndururu zilikuwa zimevaa koti jeusi, gumu kama ukoko wa sufuria. Ijumaa akazitoa kwenye misumari, akazitia kwenye beseni, akakamua ndimu, akaongeza majivu, akasugua kwa waya wa sufuria mpaka vidole vikachubuka. Zikang'aa kama meno. Beseni akalisuuza mara mbili, na hilo ni kweli, kwa sababu ndilo ambalo Velma, bintiye, anamwogeshea mtoto. Jioni Velma akamwogesha Derrick humo, miezi mitano, mjukuu wa pekee, mnono kama mkate.

Mathews alikuja Jumamosi na kioo chake cha kukuzia. Akaishika ndururu ya kwanza, akaishika ya pili, akaweka kioo mfukoni.

"Mama, hizi umeziosha?"

"Nikuuzie uchafu?"

"Ule uchafu ndio nilikuwa nanunua. Pesa ya zamani haioshwi, mama. Sasa hizi ni vyuma." Akaweka noti ya mia tano mezani. "Chukua, usiseme nimekupotezea siku."

"Chukua pesa yako uende nayo," Selpha akasema. "Na ukitoka, ufunge geti."

Quinton alikuwa amesimama mlangoni. Hakumfokea, afadhali angemfokea. "Dada," alisema, "mtu mwenye akili angeuliza kwanza." Akatoka, akarudi zake mpakani.

Adhuhuri ya Jumapili, jua likiwa utosini na mtaa wote umenyamaza, Selpha alisikia mlio sebuleni. Kitu chepesi cha chuma kikigonga sementi, tii, tii, tii, kama mtoto anayejifunza kutembea akiwa na njuga kiunoni. Akachungulia. Ndururu zilikuwa mezani, zimetulia. Derrick alikuwa mkekani chali, macho wazi, halii, hachezi. Chumba kilinuka maziwa yaliyochachia kwenye nguo.

"Velma," aliita polepole. "Njoo umvue huyu mtoto."

Walipoinua shati waliona alama kiunoni. Duara jeusi, ukubwa wa ndururu, na kidoa cheupe katikati. Halafu jingine kando yake. Velma alizihesabu kwa kidole, akazungusha mtoto, akamaliza mgongoni. Kumi na tisa, zimepangwa kama mkanda.

Zahanati waliwapa dawa ya choa. Jumatatu adhuhuri mtoto akashikwa na degedege la kwanza. Jumanne akashikwa mara nne, na kila lilipomwacha yale maduara yalikuwa yamezama zaidi, kana kwamba mtu anayabonyeza kwa dole gumba kutoka ndani.

"Mama," Velma alinong'ona, "babu alikuwa anazitoa wapi hizo pesa?"

Selpha alijua mtu mmoja wa kuulizwa. Jumatano asubuhi akapanda pikipiki hadi Malaba, akamleta Akwii, bibi kizee wa Kiteso aliyekuwa zamani akitibu watoto pande zote mbili za mpaka. Akwii aliingia, akanusa, akatazama ndururu zinazong'aa, akaketi sakafuni bila kukaribishwa.

"Nani amezisugua?"

"Ni mimi."

"Mkono wako ni msafi kweli." Hakutabasamu. "Mtoto akizaliwa na jini wake, mimi nilikuwa nafunga ndururu kiunoni, napaka dawa nyeusi. Jini anakaa pale, mtoto anakua. Halafu nyinyi mkaokoka. Mkakata kamba, mkatupa. Babako alikuwa anapita nyuma yenu akiokota, anaandika jina la mwenyewe, anatundika."

"Mbona hakusema?"

"Angemwambia nani? Wewe?" Akwii akamgusa Derrick tumboni, akaondoa mkono haraka kama aliyegusa jiko. "Wako hapa wote. Umewafungulia mlango, mtoto akaogeshwa juu yao. Mtu mzima anaweza kuishi na mmoja, ama afe, ni bahati yake. Huyu hata mmoja hamwezi. Adhuhuri ya leo watammaliza."

"Basi wafukuze."

"Waende wapi? Kila mmoja arudi kwa yule alizaliwa naye. Majina yako hapo. Mimi sijui kusoma, na hata ningejua, si mimi niliwaosha. Wewe utasoma jina, utatupa ndururu yoyote kwa moto. Akiitwa, ataenda. Usome vile imeandikwa."

Selpha akapangusa masizi ya ubao kwa kanga yake. Hati ya babake ikatokea, ndogo, iliyosimama wima. Aliwajua karibu wote. Walikuwa watoto wa juzi ambao sasa ni watu wazima wenye kazi na watoto wao, na alikuwa amewauzia ndizi.

"Hawa ni watu," alisema.

"Hata huyu," Velma akasema. Mtoto alikuwa ameanza kugeuza macho. "Soma, mama. Tafadhali, mama, soma."

Jiko likaletwa katikati ya sebule, makaa yakapepewa, na saa sita ilipogonga Selpha akasoma jina la kwanza.

"Benedetta."

Ndururu ikaanguka kwenye makaa. Duara moja kiunoni mwa mtoto likafifia, ngozi ikarudi laini. Na nje, njia ya tatu, pale Benedetta anapokaangia mandazi, mwanamke akapiga ukelele, kisha wanawake wengi, na mmoja alikuwa anasema mtoeni uso kwa mafuta, mtoeni uso.

Selpha akakumbatia ubao kifuani.

"Usisimame," Akwii akamwambia. "Ukisimama wanarudi."

Akasoma Eriaku, ambaye ni fundi wa kuchomelea na wakati huo alikuwa juu ya paa la mtu na moto mkononi, akasoma Osukuku, ambaye alikuwa kwenye usukani wa lori la saruji, na kengele ya shule ikalia na watoto wakatoka na honi ndefu isiyokatika ikasikika upande wa barabara kuu, akasoma Oriokot, akasoma Edinah, akasoma na wa sita na wa saba, na kadiri alivyosoma ndivyo sauti yake ilivyozidi kuwa kavu na mikono ikawa myepesi, kama mtu anayepukuchua mahindi, kwa sababu mtoto alikuwa anapumua, alikuwa anapata rangi, alikuwa anatafuta titi la mamake, na vilio vya nje vilikuwa sasa vimeungana kutoka pande zote mpaka huwezi kujua kipi ni cha nyumba gani, na Selpha akagundua, wala hakushangaa, kwamba alikuwa ameacha kuvisikia. Kumi na nane.

Akapangusa masizi yaliyobaki chini ya msumari wa mwisho.

Velma.

Ikamrudia kidogo kidogo. Mtoto wake akiwa na mwaka mmoja, mkesha wa maombi, mhubiri akinyoosha kidole, yeye mwenyewe akiukata uzi wa ndururu kiunoni kwa wembe na kuutupa kwenye majani huku watu wakipiga makofi. Alimtazama bintiye aliyepiga magoti kando ya jiko, jasho linamtiririka, anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

"Umebaki mmoja tu, mama," Velma alisema. "Maliza."

Selpha, ambaye hajawahi kumpunja mtu ndizi moja, akafungua kinywa.

"Quinton."

Akatupa ndururu. Duara la mwisho likafifia kama mengine. Derrick akacheka. Hakuwa amewahi kucheka; kilikuwa kicheko kifupi, cha chini, cha mtu aliyeelewa.

"Umesoma vile imeandikwa?" Akwii akauliza.

"Nimesoma."

Alimtolea Akwii kuku wawili, akamsindikiza mpaka getini. Kisha akaupasua ubao kwa shoka, akaupikia uji.

Quinton alirudi jioni mzima kabisa, akilalamika kwamba barabara imefungwa kwa ajali. Wiki hiyo walizikwa sita kati ya walioitwa. Waliobaki huanguka kifafa, mmoja leo, mwingine kesho, na Benedetta hufunika uso kwa leso hata akiwa ndani ya nyumba. Selpha alikwenda kila matanga. Alimenya viazi, aliosha sufuria, na watu wakasema kama si mama Velma wangefanyaje.

Derrick alikua vizuri. Alikaa mapema, alisimama mapema. Neno lake la kwanza alilisema adhuhuri moja, ana miezi kumi na moja, amekaa kizingitini akitazama barabara. Hakusema mama.

"Petronilla," alisema, jina zima, kwa sauti safi.

Petronilla ndiye aliyekuwa akiwaletea maziwa. Walimkuta amekufa kwenye mfereji, mkebe bado mkononi. Derrick alilala mchana kutwa, jioni akaamka na shavu jekundu, ameshiba, akakataa uji.

Selpha akampigia Akwii simu, akamweleza.

"Sirudi huko," sauti ya kizee ikasema. "Yule jini wa mwisho ulimwitia mtu ambaye si wake. Sasa hana kwao. Na amesikia vile jina linafanya kazi, anajiitia mwenyewe, anaenda, anakula, anarudi kwa mtoto. Mama, pale mwisho palikuwa na jina la nani?"

Selpha akakata simu.

Mwezi uliofuata mtoto alisema Wandera, na ami yao akazikwa Mundika. Tangu hapo Selpha haendi sokoni. Kila siku saa sita anamketisha mjukuu wake mapajani, anamfunika mdomo kwa kiganja, anangoja jua lisogee. Velma anadhani ni mapenzi ya bibi.

Leo Derrick hakungoja saa sita. Alikuwa anacheza na kijiko. Akakiweka chini, akauma mdomo wa chini kwa meno yake mawili mapya, akapuliza taratibu kama anayejaribu filimbi.

"Ve," alisema. Akamtazama bibi yake. "Ve…"

Selpha akamvuta, akabandika kiganja. Safari hii kilifika mpaka puani.

Geti likalia. "Mama, nimerudi," Velma akaita kutoka uani. "Mtoto wangu ako wapi?"

Juu ya kiganja, macho ya Derrick yalikuwa makavu na yalikuwa yanacheka. Nyayo za Velma zilikuwa zimefika barazani. Selpha akaongeza mkono wa pili.